Lori Letu na Matairi Yasiyo Yake



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi, kamati imetuomba sisi tuliokuwa kwenye uongozi wa wakati ule tuandike historia ya lori la kikundi. Historia hiyo inasimuliwa sana huku kwetu Lushoto, lakini kila mtu anaisimulia kivyake. Wapo wanaosema tulitapeliwa lori zima. Wapo wanaosema eti tulimfunga jela muuza magari. Na wapo, tunasikitika kusema, ambao mpaka leo wanasema mweka hazina wetu ndiye aliyetuponza. Tumeona heri tuandike mambo yalivyokuwa, pamoja na yale yasiyotupendezesha, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na ukweli nao ni vivyo hivyo.

Tulikotoka

Kikundi kilianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 22. Tulikutana Jumamosi jioni katika darasa la shule ya msingi, kila mtu na kigoda chake, maana madawati ya watoto yalitubana magoti. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na mtu hakuruhusiwa kununua zaidi ya hisa tano kwa wiki, ili mwenye nacho asimmeze asiye nacho. Fedha ziliwekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa watu watatu tofauti wasiokaa nyumba moja. Sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wafike. Tunaomba msomaji akumbuke jambo hilo la kufuli tatu, kwa sababu tutalirudia.

Wengi wetu ni wakulima wa kabichi, karoti, njegere na hoho. Kulima hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuuza. Mnunuzi anakuja shambani na gunia lake, analijaza, halafu juu ya mdomo wa gunia anajenga kilemba cha kamba na majani mpaka gunia moja linakuwa gunia moja na nusu. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukimwuliza anakujibu, "Mama, gunia ni gunia." Serikali imeipiga marufuku lumbesa mara nyingi, lakini marufuku haina miguu ya kupanda milima yetu, na kabichi iliyokwisha kukatwa haimsubiri mkaguzi.

Tukaona dawa ni kupeleka mazao sokoni wenyewe. Tukawa tunakodi malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Huko nako tukakutana na mengine. Siku moja mkweche wa kukodi ulitulaza Soni usiku kucha na kabichi zetu, na asubuhi zimeshaanza kugeuka rangi ya njano. Usiku ule ndipo lilipozaliwa wazo la lori. Tena tukasema liwe jipya, kwa sababu mikweche tulikuwa tumeshaijua tabia yake.

Mfuko wa lori ulianza 2019. Kufikia 2022 tulikuwa wanachama 41, na mfuko umefikisha theluthi moja ya bei. Theluthi mbili tulikopeshwa na benki kwa miezi 36, na lori lenyewe likiwa dhamana. Marejesho yalianza kuhesabika siku ile ile lori lilipotoka dukani, liwe linatembea au limelala.

Siku ya kupokea lori

Lilikuwa lori dogo la mizigo, tani nne, matairi mawili mbele na manne nyuma. Kabla ya kulipa tulipewa ankara kifani ya kurasa mbili, na katibu wetu aliihifadhi kwenye jalada. Katika ukurasa wa pili ilikuwa imeandikwa wazi: matairi sita ya 7.50R16 ya plai 14, na la akiba moja la aina hiyo hiyo. Kusema kweli, siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejua maana ya namba zile. Tuliangalia bei, rangi na saini.

Siku ya kulichukua, Ijumaa mwezi wa Juni, tulimtuma mweka hazina pamoja na dereva tuliyekuwa tumemwajiri wiki ile ile. Nauli ya mtu wa tatu tuliiona ni gharama ya bure. Walifika Dar es Salaam mchana, wakakalishwa mpaka saa kumi na moja jioni, na ofisi inakaribia kufungwa. Lori lilikuwa limeoshwa linang'aa, limefungwa utepe. Mweka hazina akapewa hati ya makabidhiano, akaonyeshwa mahali pa kuweka saini, akaweka. Ankara kifani ilikuwa huku Lushoto katika jalada la katibu. Hakuwa na kitu cha kulinganishia.

Fundi wa Mombo

Kesho yake lori lilipofika Mombo, kabla ya kupanda mlima, dereva alipita kwa fundi wa matairi ili apime upepo. Baadhi yetu tulikuwa tumeshateremka kulipokea kwa vigelegele na kanga. Fundi alizunguka gari mara mbili, akachutama, akapangusa ubavu wa tairi kwa kiganja. Kisha akauliza, "Mama zangu, hili mmeambiwa linabeba tani ngapi?"

Tukamwambia nne.

"Kwa matairi haya? Nani kawaambia?"

Tulidhani anatafuta kazi. Lakini alitusomesha pale pale barabarani, na somo lake ni vizuri liandikwe hapa, maana ni somo la maisha.

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi. Matairi yetu yaliandikwa 7.00R16, siyo 7.50R16. Namba 16 ya mwisho ni kipimo cha rimu kwa inchi, kwa hiyo yote mawili huingia katika gari lile, na mtu asiyejua hatagundua. Namba ya kwanza ndiyo upana wa tairi kwa inchi, na hapo ndipo tulipopunjwa nusu inchi. Baada ya hapo kuna namba mbili zenye mkwaju katikati, ambazo ni za uzito. Ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake kama la mbele, na ya pili ni ya tairi linalokaa na mwenzake kama la nyuma. Namba hizo siyo kilo. Zina jedwali lake. Tairi la aina tuliyoandikiwa kwenye ankara lilikuwa na 122/118. Sisi tuliwekewa la 115/110.

Katibu wetu aliziandika kwenye daftari. Namba 118 ni kilo 1,320 kwa tairi moja. Mara matairi manne ya nyuma, ni kilo 5,280. Namba 110 ni kilo 1,060. Mara manne, ni kilo 4,240. Na kibao cha kiwanda kilichopigiliwa mlangoni kilisema ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo 5,000. Maana yake, tukipakia mzigo tulioruhusiwa kihalali, matairi ya nyuma yangezidiwa kilo 760. Hiyo ni kabla hatujazungumzia utingo aliyekaa juu ya mzigo.

Tairi lililozidiwa hulegea na kujikunja kila linapozunguka, likijikunja linapata moto, na likishapata moto sana hupasuka. Ninyi mnaoijua barabara ya kutoka Lushoto kuteremka Mombo kwa kupitia Soni hatuna haja ya kuwaeleza: kilomita 30 na ushee za kona, mwamba upande huu, bonde upande wa pili. Tairi likipasuka pale, hakuna mahali pa kuegesha.

Fundi alituonyesha na lile la akiba. Kwenye ubavu, mwishoni mwa herufi na namba zinazoanzia na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. La akiba liliandikwa 2218, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2018. Lori jipya la 2022, tairi la akiba lina miaka minne. Hakutoza hata senti tano. Leo hii katika kurasa hizi tunamshukuru tena.

Kikao cha Jumatano

Jumatatu asubuhi tulimpigia simu muuzaji. Alitujibu kwa upole kwanza, kisha kwa haraka. Alitupa majibu matatu kwa mpigo: kwamba tairi ni tairi, yote inchi 16; kwamba gari lilikuja hivyo kutoka kiwandani; na kwamba sisi wenyewe tulisaini kuwa tumepokea kila kitu sawasawa. Mwisho akasema tukitaka makubwa zaidi tuongeze fedha.

Jumatano tukafanya kikao cha dharura. Tuseme ukweli, kilikuwa kikao kibaya kuliko vyote katika miaka hii kumi. Kabichi zilikuwa zimeiva mashambani. Benki inahesabu siku. Kundi moja likasema lori lianze kazi, tupakie nusu mzigo tu, matairi tutanunua pole pole. Kundi jingine likasema lisisogee hata hatua moja. Katikati ya maneno hayo mtu akapaza sauti, "Aliyesaini na alipe!" Mweka hazina wetu hakujibu. Alivua ufunguo wake wa sanduku shingoni, akauweka mezani, akatoka nje. Na sisi, jamani, hatukumfuata.

Kilichotuokoa ni mwenzetu mmoja ambaye mtoto wake alikuwa anasoma sheria. Kijana alipigiwa simu pale pale kikaoni, akatueleza kwa lugha nyepesi. Tanzania kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni ya tangu enzi za Waingereza. Inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, basi lazima kilingane na maelezo yale. Ankara yetu ndiyo ilikuwa maelezo. Tena inasema mnunuzi ambaye hakuwahi kukikagua kitu hahesabiwi amekikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Kwa hiyo saini ya saa kumi na moja jioni haikuwa mwisho wa maneno. Lakini akatuonya: ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema, au ukakitumia kama mwenye mali aliyeridhika, hapo ndipo utaambiwa umekubali. Akaongeza kwamba kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko.

Basi hoja ya kupakia nusu mzigo ikafa yenyewe. Tulipiga kura, 33 kwa 6, lori lilale. Likalala uani kwa mwenzetu mmoja, limefunikwa turubai, na sisi tukarudi kukodi malori ya watu huku letu tunaliona. Hakuna jambo linalouma kama hilo.

Siku ile ile tuliandika barua. Haikuwa na matusi wala vitisho. Tulitaja namba ya ankara, tulichoandikiwa, tulichopewa, namba za ubavuni kwa kila tairi na mahali lilipo, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi ili asije akasema tumelitumia. Tukaambatanisha picha saba, moja kwa kila tairi. Tukaomba matairi sahihi ndani ya siku 14, la sivyo tutalipeleka suala kwenye Tume. Nakala moja ilibaki kwetu na muhuri wao wa kupokea.

Safari ya watu watatu

Siku 14 zikapita kimya. Hapo ndipo mwenyekiti wetu aliposema neno ambalo hatutalisahau: "Sanduku la laki tatu tumelifunga kwa kufuli tatu. Lori la mamilioni tulimpa mtu mmoja na kalamu. Safari hii twende kufuli tatu."

Wakaenda watatu: mwenyekiti, katibu, na mweka hazina. Mwenyekiti alimfuata mwenyewe nyumbani kwake kumwomba, na alikubali baada ya kuombwa mara mbili.

Walipokewa na kijana wa mauzo. Alikuwa na adabu, hatumsingizii, ila alitabasamu kama mtu anayezungumza na watoto. "Mama zangu, shikamooni. Haya mambo ya matairi ni ya kitaalamu. Nyie mngeachia mafundi. Tairi ni tairi."

Aliyemjibu ni mweka hazina, yule aliyekuwa amenyamaza tangu Jumatano ile. "Marahaba, mwanangu. Kwetu wanunuzi wanatuambia gunia ni gunia, huku wamejaza lumbesa. Na wewe unasema tairi ni tairi. Naona ni wimbo mmoja." Akafungua daftari, akalisukuma mezani. "Hebu soma hapa. Elfu moja mia tatu na ishirini, mara nne. Halafu soma hapa. Elfu moja na sitini, mara nne. Halafu nisomee hiki kibao cha mlangoni. Ukimaliza uniambie hizo kilo 760 nimkalishe nani."

Kijana alisoma. Akatoka, akarudi na meneja. Meneja alikuwa mtu mzima, akaagiza jalada lao. Ndani kulikuwa na nakala ya ankara ile ile, 7.50R16, plai 14. Alimwuliza kijana maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, na ukweli ukatoka: wiki ile matairi sahihi yalikuwa yamekwisha ghalani, lori linangojwa, wakafunga yaliyokuwepo. Hakuna aliyefikiria kwamba wanawake wa milimani watasoma ubavu wa tairi.

Meneja aliomba radhi. Hatutalitaja duka lile, kwa sababu tulimalizana, na mtu akikiri kosa lake hatuoni sababu ya kumwanika. Lori lilishuka Dar es Salaam tupu, bila mzigo, likavalishwa matairi saba mapya mbele ya macho ya watu wetu watatu, ambao walisoma moja baada ya jingine kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Ilikuwa wiki ya tano tangu tulipolipokea.

Tusijidai kwamba tulipata kila kitu. Hasara ya wiki tano hatukulipwa. Tuliidai, meneja akasema hana uwezo huo, akatupa matengenezo ya kwanza bila malipo. Tulijadiliana kwenye simu na wanachama, tukakubali. Wapo waliotaka twende mbele kwa Tume. Pengine wangekuwa sahihi. Lakini kabichi zilikuwa shambani na rejesho la pili la benki lilikuwa limekaribia, na mwenye njaa hachagui siku ya kesi.

Deni la radhi

Lori lilipopanda mlima safari hii, vigelegele vilikuwa vingi kuliko mara ya kwanza. Kwenye kikao kilichofuata mwenyekiti alisimama, akamrudishia mweka hazina ufunguo wake mbele ya wote. Alisema kosa lilikuwa letu. Tulimtuma peke yake, bila ankara, bila orodha, bila mtu wa kumwambia, "Subiri kwanza, tuzunguke gari." Kisha tukamlaumu kwa kukosa alichokuwa hakupewa. Yule aliyepaza sauti siku ile naye alisimama akaomba radhi. Walikumbatiana wakalia, na sisi wengine tukajifanya tunatafuta vigoda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimsikia mtu sokoni anasema mweka hazina ndiye aliyetuponza, mwonyeshe ukurasa huu. Yeye ndiye aliyesaini, ndiyo. Na yeye ndiye aliyepiga hesabu mbele ya meneja.

Tulichojifunza

Tangu mwaka ule tuna utaratibu, na tunauandika hapa kwa faida ya wanachama wapya na vikundi rafiki:

1. Kitu chochote cha kikundi chenye thamani ya zaidi ya shilingi laki mbili kinapokewa na watu watatu, kama kufuli za sanduku.

2. Ankara kifani inakwenda na mpokeaji. Kila mstari unasomwa kwa sauti, na kitu kinaguswa kwa mkono.

3. Kwa gari, soma ubavu wa kila tairi pamoja na la akiba: ukubwa, plai, namba za uzito, na tarakimu nne za tarehe. Linganisha na kibao cha mlangoni.

4. Kalamu ni ya mwisho. Ofisi ikitaka kufungwa, tutalala mjini, tutarudi kesho.

5. Ukiona kasoro sema mara moja, sema kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri, na usikitumie kitu mpaka jambo liishe.

6. Likitokea kosa, kikao kinauliza kwanza "tulimpa nini wa kumsaidia?" kabla ya kuuliza "nani kakosea?"

Lori letu bado linateremka Soni na mizigo yetu. Mkopo wa benki tulimaliza mwaka 2025, mwaka ule ule tuliotimiza miaka kumi. Matairi yale saba tumeshayabadilisha, maana tairi nalo huzeeka kama binadamu, na siku ya kununua mapya walikwenda watu watatu, mmoja wao binti wa miaka 19 aliyejiunga nasi juzi juzi tu. Muuzaji alimwambia, "Dada, hizi ni zile zile." Binti akachutama, akapangusa ubavu wa tairi kwa kiganja, akaanza kusoma.

 Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima tukipime sisi wenyewe.